Chanjo na Mwito Wake

Neno chanjo ni kongwe kuliko dawa inayoitwa kwa jina hilo leo. Kuchanja, katika matumizi ya kale ya Kiswahili, ni kukata kwa kitu chenye makali: kuni huchanjwa kwa shoka, na ngozi ya mwanadamu huchanjwa kwa wembe. Mganga alimchanja mtu chale kifuani, mgongoni au penye viungo, akapaka dawa juu ya damu mbichi, na aliyechanjwa akaondoka akiamini kuwa amekingwa na nyoka, na hasidi, au na maradhi. Kwa hiyo kinga ya ndui ilipofika pwani ya Afrika ya Mashariki mikononi mwa wageni, haikukuta lugha tupu. Ilikuta neno lililokwisha andaliwa, ikaingia humo kama mpangaji aingiavyo katika nyumba ya zamani, na pamoja na nyumba ikarithi maswali ya wenyeji: Je, anayechanja ni nani? Wembe wake umetoka wapi? Na dawa anayopaka imetengenezwa kwa nini?

Ulaya ilishika njia nyingine. Tarehe 14 Mei 1796 Edward Jenner, tabibu wa Berkeley katika Uingereza, alichukua majimaji ya lengelenge mkononi mwa msichana aliyekuwa akikama ng'ombe, akayatia katika mkono wa mtoto aliyeitwa James Phipps. Lengelenge lile lilikuwa la ndui ya ng'ombe, na jina la kazi ile katika lugha za Ulaya likatokana na neno la Kilatini la mnyama huyo. Mzungu alikumbuka ng'ombe aliyetoa dawa; Mswahili alikumbuka jeraha lililoipokea. Hofu za watu zikafuata majina. Mwaka 1802 mchoraji James Gillray aliwachekesha watu wa London kwa picha ya kundi la waliochanjwa, wakichomoza ng'ombe wadogo mikononi, usoni na mahali pengine pasipofaa kutajwa. Katika pwani ya Waswahili hakuna aliyeogopa kuota pembe. Swali la huku lilikuwa juu ya mkono uliotoa dawa.

Neno hili la kale lilipata mtihani mkubwa nchini Tanzania mwaka 2021. Maradhi ya korona, ambayo kwa Kiswahili rasmi yalipewa jina la UVIKO-19, yalitangazwa kuingia nchini tarehe 16 Machi 2020, na mgonjwa wa kwanza alipatikana Arusha. Katika majuma ya mwanzo hesabu ya wagonjwa ilitolewa hadharani. Lakini Mei ya mwaka ule ilisimama penye watu 509 na vifo 21, na kwa muda uliozidi mwaka mzima haikusogea. Wananchi hawakukaa mikono mitupu. Ndoo za maji na sabuni ziliwekwa milangoni mwa maduka, watu walijifukiza kwa majani yaliyochemshwa, na barakoa ikavaliwa na wanaume kwa wanawake. Barakoa, kwa njia, ni neno lililokuwako pwani zamani kwa kifuniko cha uso cha mabibi wa Kiarabu. Halikutazamiwa kuwa siku moja litavaliwa na makondakta wa daladala.

Tarehe 27 Januari 2021, akihutubia watu huko Chato, Rais John Magufuli aliwaonya wananchi juu ya chanjo zilizotoka ng'ambo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kushikika: kama wageni wangekuwa na ustadi huo, wangekwisha leta chanjo ya UKIMWI, ya kifua kikuu na ya saratani. Kuhusu kifua kikuu hoja ilikuwa na kasoro, kwa maana mamilioni ya Watanzania wana kovu begani la chanjo ya maradhi hayo tangu uchanga wao. Lakini kovu lililozoeleka halionekani, na hotuba ilisikika nchi nzima. Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi, na Samia Suluhu Hassan akaapishwa tarehe 19. Aprili aliazimia kuunda kamati ya wataalamu, na Mei kamati hiyo ikampa taarifa yake. Tarehe 24 Julai shehena ya kwanza ya dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen ilifika Dar es Salaam, na tarehe 28 Julai Rais alichanjwa Ikulu mbele ya kamera. Aliwaambia watu kuwa yeye ni mama, ni bibi na ni mke, na kwamba asingejipeleka katika hatari kwa kujua.

Kati ya hotuba ya Chato na sindano ya Ikulu ilipita miezi 6 na siku 1. Haki yataka jambo hili lizingatiwe na kila aandikaye habari za wakati ule, kwa sababu aghalabu waliosita husimuliwa kana kwamba walitekwa na ujinga. Kiti kilichosema usichanjwe na kiti kilichosema chanjwa kilikuwa kimoja, na masikio yaliyosikiliza yalikuwa yale yale. Mtu aliyesita Agosti 2021 hakuwa lazima mjinga. Yamkini alikuwa msikivu, aliyesikia mara mbili.

Kuonyesha mkono wa mkubwa mbele ya wadogo si hila mpya. Aprili 1947, ndui ilipozuka katika mji wa New York kwa msafiri aliyefika kwa basi kutoka Mexico, Meya William O'Dwyer alichanjwa hadharani ili watu wa mji wamwige. Wagonjwa hawakuzidi 12, na waliokufa walikuwa 2, lakini mamilioni ya watu walipanga foleni katika muda wa majuma machache. Meya wa New York, hata hivyo, alikuwa na bahati ambayo Rais wa Tanzania hakuwa nayo. Hakuna meya aliyemtangulia aliyekuwa amesimama miezi 6 kabla yake akisema kinyume.

Mwito wa kwanza wa Tanzania uliwalenga watumishi wa afya, watu waliovuka umri wa miaka 50 na wenye maradhi ya kudumu. Punde mlango ukafunguliwa kwa kila mtu mzima. Chanjo ilikuwa ya hiari na bila malipo. Anayetaka aliweza kujiandikisha kwa njia ya mtandao au kufika kituoni, na kabla ya sindano alitia sahihi karatasi ya ridhaa. Hapa pana jambo la kujifunza juu ya lugha ya afisi. Kwa mwanasheria, karatasi ya ridhaa ni heshima: humwambia mtu kuwa mwili ni wake na neno la mwisho ni lake. Kwa mkulima ambaye hajawahi kuombwa sahihi ili apewe panadoli, karatasi ile ilisema jambo lingine kabisa. Ilisema kwamba mwenye dawa anajiandalia njia ya kutorokea. Uvumi nao haukukosa mahali pa kukaa: kuwa aliyechanjwa hatazaa, kuwa atakufa baada ya miaka 2, kuwa dawa iliyotolewa bure na matajiri haiwezi kuwa na nia njema. Mwanzoni mwa 2022 hata mtu mzima mmoja katika kila kumi alikuwa hajakamilisha chanjo.

Kilichofuata kilipewa jina zuri lenye mizani ya shairi: mpango shirikishi na harakishi. Maana yake ilikuwa kwamba chanjo iliacha kumngoja mtu kituoni ikamfuata alipo. Wahudumu waliingia sokoni, stendi za mabasi, nyumba za ibada na vijiji. Viongozi wa mitaa, wazee na masheikh na wachungaji wakaitwa waseme kwa vinywa vyao. Mwishoni mwa 2022 zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa wamekamilisha. Si rahisi kutenga sababu moja ya mgeuko huo. Hofu ya wengi ilipoa kwa kuona majirani waliochanjwa wakiendelea kulima na kuzaa. Walakini jambo moja laonekana dhahiri: hoja za wataalamu za 2022 zilikuwa ni zile zile za 2021. Kilichobadilika ni umbali kati ya msemaji na msikilizaji.

Maswali ya 2021 yalikwisha ulizwa miaka 300 kabla yake, tena kwa namna ambayo Mwafrika hana sababu ya kuisahau. Aprili 1721 merikebu iliyotoka visiwa vya Karibi ilileta ndui katika mji wa Boston, uliokuwa wakati huo koloni la Uingereza. Katika mji ule alikuwako mchungaji aitwaye Cotton Mather, na mchungaji huyo alikuwa amepewa na washirika wa kanisa lake, mwaka 1706, mtumwa kutoka Afrika ya Magharibi. Mather alimwita Onesimo, jina la mtumwa katika Agano Jipya. Jina alilopewa na wazazi wake halikuandikwa. Siku moja, kabla ya ndui ile kufika, bwana alimwuliza mtumwa kama amewahi kuugua ndui. Jibu lilikuwa ndiyo na siyo. Akaeleza kuwa kwao watu huchukua majimaji ya kipele cha mgonjwa, wakayatia katika mchanjo mdogo wa ngozi ya mtu mzima wa afya. Mtu huyo huugua kidogo, akapona, na ndui haimrudii tena. Akaonyesha mkono wake penye kovu.

Yule aliyenunuliwa kama kitu ndiye aliyekuwa na elimu, na aliyemmiliki alikuwa na akili ya kutosha kusikiliza. Mather alituma habari hizo kwa wataalamu wa London mwaka 1716, na maradhi yalipofika alizieneza kwa matabibu wa mji. Tabibu mmoja tu alikubali kujaribu. Zabdiel Boylston alianza tarehe 26 Juni 1721, akamchanja mwanawe wa miaka 6 na watumwa wake 2. Mji ukawaka kwa hasira. Tabibu William Douglass, aliyejivuna kwa shahada yake, alidhihaki ushahidi uliotoka kwa Waafrika, na Novemba mtu mmoja alirusha bomu katika nyumba ya Mather usiku, halikulipuka. Mwisho wa maradhi hesabu ilifanywa. Katika watu karibu 6,000 walioambukizwa kwa njia ya kawaida, walikufa 844, yaani mmoja katika kila saba. Katika watu karibu 240 waliochanjwa na Boylston, walikufa 6.

Hesabu hii yasomwe kwa uaminifu pande zote mbili. Yaonyesha kuwa Onesimo alisema kweli. Yaonyesha pia kuwa waliokataa hawakukataa upepo: watu 6 walikufa kwa mkono wa tabibu, na mtu aliyechanjwa kwa ndui yenyewe aliweza kuwaambukiza wengine. Chanjo ya Jenner, iliyokuja miaka 75 baadaye, iliondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo. Haikuondoa ugumu wa kumwambia mtu mzima wa afya aje augue kidogo leo kwa ajili ya ugonjwa ambao huenda usimfikie kesho.

Serikali ya Uingereza ilidhani kuwa ugumu huo hutatuliwa kwa sheria. Mwaka 1853 kila mzazi alilazimishwa kumchanja mtoto mchanga, na asiyetii alitozwa faini, na asiyelipa faini alifungwa. Faini ile ile iliyomkera tajiri ilimnyang'anya maskini kitanda chake. Machi 1885 makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika mji wa Leicester, na mwaka 1898 sheria ililegezwa ili mzazi mwenye kipingamizi cha dhamiri aachiliwe. Amri ilikuwa imechanja watoto wengi, na papo hapo ilikuwa imezaa chama cha kuipinga ambacho hapo mwanzo hakikuwako.

Basi ndui ikaendelea kuua hata katika karne ya ishirini. Afrika ya Mashariki iliijua vyema. Misafara ya pembe na watumwa ya karne ya kumi na tisa iliibeba kutoka pwani hadi bara na kuirudisha, na wasafiri walioandika habari za njia ile walitaja wapagazi waliooza kando ya njia. Katika miaka ya 1890, baada ya sotoka kufyeka ng'ombe wa Wamasai, ndui ilikuja juu ya watu waliokwisha dhoofishwa kwa njaa. Uso wenye makovu ulikuwa jambo la kila soko.

Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza vita ya mwisho. Silaha zake hazikuwa za fahari. Dawa ilikaushwa ikawa unga usioharibika upesi kwa joto, na sindano yenye ncha mbili ikashika tone dogo katikati ya ncha zake, ikachoma ngozi mara 15, kazi ambayo mtu asiye tabibu aliweza kujifunza kwa muda mfupi. Badala ya kujaribu kumchanja kila mtu duniani, wahudumu waliwatafuta wagonjwa, wakawatenga, wakawachanja wote waliowazunguka. Kwa hiyo maneno yalikuwa na kazi kubwa kama sindano. Mhudumu alitembea na picha ya mtoto mwenye ndui, akaionyesha shuleni, kisimani na mnadani, na kuuliza swali moja: Mmemwona mtu wa namna hii? Aliyeleta habari ya kweli alilipwa.

Hatimaye ndui ilibaki katika Pembe ya Afrika tu. Katika mwaka 1977 Somalia peke yake iliandikisha wagonjwa 3,229, wengi wao wafugaji wanaohamahama, ambao hawana mlango wa kubishwa hodi. Na Julai ya mwaka ule vita ya Ogaden ikawaka. Wasomali wengi waliona aibu kuonyesha wagonjwa wao, au waliwaficha kwa kuogopa kambi za kutengwa. Waandishi wa habari hizi wamekuwa wakiwalaumu kwa kuficha. Lakini mfugaji aliyetakiwa kumwacha mwanawe kambini na kuwapeleka ngamia majini siku hiyo hiyo alikuwa na jambo la kuchagua ambalo halikuandikwa katika maagizo ya mtu yeyote.

Marka ni mji wa kale wa pwani ya Banadiri, kusini mwa Mogadishu, jirani ya Barawa ambako Kiswahili cha Chimwini kimesemwa kwa karne nyingi. Katika hospitali ya mji huo alikuwako mpishi wa umri wa miaka 23, jina lake Ali Maow Maalin. Tarehe 12 Oktoba 1977 gari lilipita hospitalini likiwa na watoto 2 wagonjwa wa ndui kutoka kambi ya wafugaji, na dereva akauliza njia ya kuwapeleka mahali pa kutengwa. Maalin alipanda garini ili amwelekeze. Safari ile haikuzidi robo saa. Mmoja wa watoto wale, binti wa miaka 6, alikufa.

Hapa ndipo penye uzito wa habari yote. Maalin hakuwa mfugaji wa nyikani asiyefikiwa na mwito. Alikula mshahara wa hospitali. Amri ilikuwako kwamba watumishi wote wa hospitali wachanjwe, na yeye mwenyewe aliwahi kufanya kazi kidogo katika kampeni ya chanjo. Picha za ndui aliziona, hotuba alizisikia, sindano ilikuwa hatua chache kutoka jikoni kwake. Na hakuwa na kinga. Miaka mingi baadaye alipoulizwa sababu, hakutaja dini, wala siasa, wala njama za wageni. Alisema aliogopa, sindano ilionekana kuwa inauma.

Wanachuoni huandika kurasa nyingi juu ya sababu kuu za kukataa chanjo, na sababu hizo ziko. Ila mara nyingi kitu kinachomzuia mtu ni kidogo kiasi kwamba mwenyewe huona haya kukitaja, kwa hiyo hujibu swali la mwuliza kwa sababu kubwa aliyoisikia kwa wengine. Mwito wa Marka ulisema juu ya dunia nzima na juu ya ndui kuangamizwa milele. Haukupata kumwambia mpishi mmoja kwamba itauma kidogo, kama kuungua kwa mafuta ya sufuria, na kesho itakuwa imepoa.

Tarehe 22 Oktoba Maalin alishikwa na homa, na hospitali ikamtibu malaria. Tarehe 26 vipele vilitokea, wakasema ni tetekuwanga, wakamrudisha nyumbani. Akiwa kitandani, rafiki zake wengi walikuja kumjulia hali, maana alikuwa kijana mwenye kupendwa. Inasemwa kuwa yeye mwenyewe alitambua ugonjwa wake lakini hakutaka kupelekwa kambini. Tarehe 30 Oktoba muuguzi mwenzake alipeleka habari, akapata malipo ya mwenye kutoa habari, na Maalin akatengwa.

Ndipo mwito ulipogeuka kutoka maneno ya jumla ukawa maagizo ya mji mmoja. Hospitali ilifungiwa wagonjwa wapya, na waliokuwamo hawakuruhusiwa kutoka. Wote waliokutana na Maalin walitafutwa mmoja mmoja, wakapatikana 161, wengine mbali nje ya mji. Walinzi waliwekwa kwenye barabara na hata kwenye vijia vya miguu, na kila apitaye ambaye hakuchanjwa alichanjwa hapo hapo. Wahudumu waliingia nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, na katika muda wa majuma mawili watu 54,777 walikuwa wamechanjwa. Katika mji mzima hakuna mtu mwingine aliyepatwa na ndui, wala rafiki mmoja wa wale waliokaa kando ya kitanda chake.

Maalin alipona. Upekuzi uliendelea, na tarehe 26 Oktoba 1979, miaka 2 kamili tangu vipele vyake vionekane, ilitangazwa mjini Nairobi kuwa Pembe ya Afrika haina ndui tena. Tarehe 8 Mei 1980 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukatangaza kuwa dunia nzima imeokoka. Mwaka 1978 ndui iliyotoka katika maabara ilikuwa imemwua mwanamke mmoja mjini Birmingham, kwa hiyo Maalin si mtu wa mwisho kabisa kuugua. Ni wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida, na jina lake liliingia katika vitabu vya tiba kwa ajili ya kosa alilolitenda mkononi mwake mwenyewe.

Angaliweza kulificha kosa hilo katika maisha yaliyosalia. Somalia iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, serikali ilianguka mwaka 1991, na afisi zilizokuwa na majalada ya ndui hazikuwa na uwezo wa kumkumbusha mtu jambo lolote. Maalin alichagua kulitangaza. Kampeni ya kupinga polio ilipoanza nchini mwake, alijiunga nayo akawa mratibu katika sehemu zake za kusini, akizunguka katika nchi ambayo kila njia panda ilikuwa na bunduki za watu wengine. Chanjo ya polio huwa matone mdomoni wala haichomi, lakini akina mama walikuwa na hofu zao. Alipokutana na mama aliyekataa, Maalin hakuanza kwa takwimu. Aliketi, akamwambia kuwa yeye ndiye mtu wa mwisho wa ndui, kwamba alikataa kuchanjwa kwa kuogopa maumivu ya dakika moja, na kwamba asingependa nchi yao iwe ya mwisho kwa polio kama ilivyokuwa ya mwisho kwa ndui.

Kauli ya namna hii haiwezi kuandikwa na kamati. Mwenye shahada hawezi kuisema, kwa kuwa yeye hakukosea. Mwenye cheo hataki kuisema hata kama alikosea. Onesimo alionyesha kovu la kinga. Maalin alionyesha makovu ya kuikosa, na mama aliyeketi mbele yake aliweza kuuliza lolote bila kuona haya, maana aliyeulizwa alikuwa amekwisha kiri kuwa aliogopa sindano.

Kwa miaka kadhaa Somalia ilikuwa haina polio. Mwaka 2013 ugonjwa ulirudi, na wachanjaji wakaitwa tena. Maalin, ambaye sasa alikuwa mtu wa makamo, alitoka kwenda kazini pamoja na wenzake katika wilaya ya Marka. Akiwa katika kampeni hiyo alishikwa na homa, na safari hii ilikuwa malaria kweli. Alikufa tarehe 22 Julai 2013.